KUNUNUA GARI LA FAHARI LA MILANGO MIWILI LILILOKWISHA TUMIKA

Hapana jambo linalomshangaza mnunuzi mgeni katika viwanja vya kuuzia magari mjini Kampala kama kuona Mercedes ya milango miwili, yenye rangi ya fedha na viti vya ngozi, ikiuzwa kwa bei inayokaribiana na ile ya Toyota ya kawaida iliyo jirani yake. Husimama akaizunguka mara mbili, tatu. Hujiuliza kama muuzaji amerukwa na akili. La, muuzaji ana akili zake timamu, na hesabu zake anazijua vyema kuliko huyo anayemtazama.

Yafaa ieleweke tangu mwanzo kwamba bei ya gari la fahari hushuka upesi, lakini bei ya vipuri vyake haishuki pamoja nayo. Gari ambalo lilipokuwa jipya lilinunuliwa na mkurugenzi wa kampuni huko Yokohama au London, miaka 18 baadaye laweza kununuliwa na sajini. Lakini giaboksi yake ikiharibika, sajini huyo atatakiwa kulipa kwa kipimo cha mkurugenzi. Ndiyo sababu gari limekuwa rahisi. Waliolimiliki kabla yako wamekwisha kuipiga hesabu hiyo, wakaona heri walipitishe kwa mwingine.

Jambo hili lawahusu wasomaji wa gazeti hili kwa namna ya pekee. Tangu 2007 maelfu ya wanajeshi wetu wamekwenda kutumika Somalia chini ya Umoja wa Afrika, na wengi hurejea wakiwa na posho iliyokusanyika kwa muda mrefu. Wako pia wanaostaafu na kupokea kiinua mgongo, na wako wanaokopa katika vyama vya akiba na mikopo, kama vile Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi. Fedha hizo huja mara moja, nazo ni nyingi kuliko mtu alizozoea kuzishika. Dalali hulijua jambo hilo. Akimwona kijana mkakamavu mwenye nywele fupi anaingia kiwanjani Ijumaa jioni, humwita "afande" kabla hajatamka neno, akamwongoza moja kwa moja hadi kwenye gari linalong'aa kuliko yote.

Hatusemi kwamba askari asinunue gari zuri. Mtu aliyekesha miezi kumi na miwili nyuma ya magunia ya mchanga ana haki ya kujifurahisha kwa jasho lake. Tunalotaka ni kwamba alijue gari hilo kabla halijamjua yeye.

ASILI YA GARI HILI

Magari ya namna hii huitwa "coupé", neno la Kifaransa lenye maana ya kitu kilichokatwa. Hapo zamani Wafaransa walikuwa na magari ya farasi yenye viti vya mbele na vya nyuma. Wakaunda lililo fupi zaidi, kana kwamba sehemu ya mbele imekatwa, na jina likabaki. Kwa bahati neno hilo kwa matamshi ya Kiswahili huwa "kupe", na kila mfugaji anamjua kupe na anachokifanya kwa ng'ombe. Hatuna haja ya kuliendeleza fumbo hilo.

Mapenzi ya magari hayo si mageni katika nchi zetu. Mashindano ya Safari yalianza 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1973 mshindi alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akiendesha Datsun 240Z, gari la milango miwili na viti viwili tu. Mehta akaja kushinda tena mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Katika mashindano hayo ya 1979 kampuni ya Mercedes-Benz ilileta magari yake ya 450 SLC, nayo pia ya milango miwili, na Hannu Mikkola wa Finland akamaliza wa pili nyuma ya Mehta. Wazee walioyaona yakipita katika vumbi hawajayasahau.

Lakini wengi husahau kilichokuwa nyuma ya vumbi hilo. Magari yale yalikuwa yameinuliwa na kuimarishwa chini, na njiani yalisubiriwa na mafundi waliokuwa na vipuri tele, walioweza kubadilisha shokomzoba wakati dereva anakunywa maji. Anayenunua gari la namna hiyo leo ili alipeleke kijijini Krismasi hana kikosi cha mafundi kinachomfuata. Ana jeki, spana moja, na mke anayeuliza mbona gari limesimama.

MERCEDES CLK

Kwa kuwa haiwezekani kuyazungumza magari yote, tutaichukua Mercedes-Benz CLK iliyotengenezwa kuanzia 2002 hadi 2009, ambayo kiwandani hujulikana kwa nambari 209. Hili ndilo linalomvuta mnunuzi wetu kuliko mengine: lina nyota puani, lina umbo zuri kweli kweli, na bei yake imeshuka mno. Lilitanguliwa na CLK nyingine ya 1997, nambari 208, ambayo hatumshauri mtu ainunue, maana kutu imeila vibaya kwenye kingo za milango na juu ya magurudumu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba CLK hii haiagizwi tena kutoka ng'ambo. Sheria ya usalama barabarani ilipofanyiwa marekebisho 2018, Uganda ilipiga marufuku kuingiza gari lililozidi umri wa miaka 15, na CLK ya mwisho imekwisha kuuvuka umri huo. Kwa hiyo kila utakayoionyeshwa ni ile iliyokwisha kuwapo nchini. Imekwisha kupita juu ya matuta yetu, imeoshwa katika viosheo vyetu, na imetengenezwa na mafundi wetu, wema na wabaya. Dalali akikuambia "imetoka bandarini Mombasa wiki jana," mwage kwa heri.

Kisha yako mambo ya injini, na hapa twaomba msomaji awe na subira, kwa kuwa ndipo fedha zilipo.

CLK nyingi zilizoko hapa ni zile zilizoandikwa nyuma "200 Kompressor". Injini yake ni ndogo, lita 1.8, silinda nne, na ina pampu inayosukuma hewa ndani ili kuipa nguvu. Watu huipenda kwa sababu haili petroli nyingi. Ubaya wake uko katika mnyororo unaounganisha sehemu ya chini ya injini na sehemu ya juu inayofungua na kufunga vali. Mafundi huuita cheni ya taimingi. Mnyororo wenyewe ni wa mstari mmoja tu, mwembamba, na ukicheleweshewa oili mpya hurefuka, nayo meno ya magurudumu yake hulika. Siku moja huruka jino. Hapo vali na pistoni hugongana, na injini huwa imekufa.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huo hupiga kelele kabla ya kuua. Gari likiwa limelala usiku kucha, asubuhi ukiliwasha utasikia mgongano mkavu, kama wa sarafu ndani ya kopo, kwa sekunde mbili au tatu, halafu kimya. Likiisha pata moto hutasikia kitu. Wauzaji wanalijua jambo hilo, na ndiyo maana ukifika saa nne utalikuta limekwisha kuwashwa, "ili upate kusikia jinsi linavyotulia". Basi nenda alfajiri, bila ya kutoa taarifa ndefu. Weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu kwisha. Ikiwa na joto, mwambie utarudi kesho.

Injini hiyo hiyo ina ugonjwa wa pili ambao hata mafundi wengine hawaujui. Mbele yake, juu, kuna sumaku mbili ndogo za umeme. Zikizeeka huvujisha oili, na oili hiyo haidondoki chini kama tulivyozoea. Hupanda ndani ya nyaya, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi, hadi ikaifikia kompyuta ya injini. Mwombe fundi wako achomoe plagi za sumaku hizo na kuzitazama. Zikiwa kavu, vyema. Zikiwa na oili ndani, usiendelee na mazungumzo ya bei mpaka nyaya zote zimefuatwa hadi mwisho wake.

CLK 280 na 350, zilizotoka kuanzia 2005, zina injini za silinda sita zenye nguvu nyingi na sauti tamu. Hizi mnyororo wake hauna matata ya namna ile, lakini katika zile za mwanzo kiwanda kilitumia gia laini kupita kiasi kwenye shafti ya kusawazisha injini. Gia hiyo hulika taratibu. Bei ya gia yenyewe si ya kutisha. La kutisha ni kwamba ili kuifikia yabidi injini itolewe garini nzima. Zilizotengenezwa 2007 na kuendelea hazina kasoro hiyo. Mtu akikuuzia CLK 350 ya 2005 na taa ya injini imewaka, akasema "ni sensa tu," huenda ni sensa; lakini huenda sensa hiyo inasema kweli.

Kwa maoni ya mwandishi huyu, iliyo bora kwa hali zetu ni CLK 320 ya miaka ya mwanzo, ile ya lita 3.2. Teknolojia yake ni ya kizamani kidogo. Mnyororo wake ni wa mistari miwili, mnene, na mara nyingi huishi umri wote wa injini. Ina plagi kumi na mbili, mbili kwa kila silinda, jambo linalowakera wenye kulipia plagi. Na petroli hunywa bila haya. Lakini itakufikisha Gulu na kukurudisha. Watu huikimbia kwa sababu ya petroli, wakainunua 200 Kompressor, kisha akiba yao ya petroli ya miaka minne wakaipeleka kwa fundi wa cheni kwa siku moja.

GIABOKSI, UMEME NA MAJI

Giaboksi ya CLK nyingi ni ya otomatiki yenye gia tano, nayo ni imara ikitunzwa. Zamani iliaminika kwamba mafuta yake hayahitaji kubadilishwa kamwe. Baadaye ikaonekana ni heri yabadilishwe kila kilomita 60,000. Hapa kwetu wengi walilisikia lile la kwanza wakalishika. Uliza yalibadilishwa lini na risiti iko wapi. Giaboksi hiyo haina kijiti cha kupimia mafuta kama magari mengine, hivyo usikubali maneno ya "nimeyapima mwenyewe asubuhi".

Katika magari ya mwanzo, rejeta yake ilikuwa na udhaifu: ukuta wa ndani ulipasuka, maji ya kupozea yakaingia katika mafuta ya giaboksi. Dalili yake ni mtetemo ukiwa katika mwendo wa wastani, kama vile gari linapita juu ya barabara ya changarawe yenye mawimbi, ilhali uko juu ya lami laini. Mtetemo huo si wa magurudumu, ingawa muuzaji ataapa kwamba ni wa magurudumu.

Umeme ni mlango mwingine wa hasara. Chini ya boneti, pembeni, kuna visanduku vinavyogawa umeme wa gari, na karibu yake kuna mifereji midogo ya kutolea maji ya mvua. Gari lililolazwa kila siku chini ya mwembe hujaza majani katika mifereji hiyo. Mvua ikinyesha, maji hukosa njia yakaingia visandukuni au ndani ya gari. Inua mikeka ya miguuni na uguse zulia lililo chini yake. Unyevu hauna pafyumu ya kuuficha.

Vioo vya milango havina fremu. Kila ufunguapo mlango, kioo hushuka kidogo chenyewe ili kisikwaruze mpira, na ukifunga hupanda. Fungua na kufunga mara kumi. Kisiposhuka, mpira umekwisha kuchanika au u mbioni kuchanika, na kelele ya upepo utaisikia ufikapo kilomita 80 kwa saa.

Halafu geuza ufunguo bila kuwasha injini. Taa zote za onyo zinapaswa kuwaka, kisha kuzimika moja moja. Taa ya mifuko ya hewa isipowaka kabisa, usifurahi. Huenda imezimwa makusudi kwa sababu mifuko ilipasuka katika ajali na haikurudishwa. Gari la fahari lisilo na mifuko ya hewa ni gari la bei rahisi lililovaa suti.

Itakuwa vyema kukodi fundi mwenye mashine ya kuisomea kompyuta ya Mercedes. Ada yake utaiona kubwa asubuhi hiyo. Mashine hiyo hueleza makosa yaliyohifadhiwa, hata yale ambayo taa zake zimefutwa jana. Lakini mwenye gari akifuta makosa nusu saa kabla hujafika, mashine itakuta ukurasa mweupe. Kwa hiyo isomwe tena baada ya kuliendesha gari kwa muda mzuri, mjini na nje ya mji.

KILOMITA NA KARATASI

Mita ya kilomita hurudishwa nyuma kwa urahisi, na hapana haja ya kuiamini. Yaamini yale yasiyoweza kurudishwa: mpira wa pedali ya breki, ngozi ya usukani upande wa mkono wa kulia, ukingo wa kiti cha dereva upande wa mlangoni. Gari lenye kilomita 70,000 halina pedali iliyolika hadi chuma. Tazama pia ubavu wa kila tairi. Kuna tarakimu nne zinazoonyesha juma na mwaka wa kutengenezwa. Ukikuta 3219, tairi hilo ni la juma la 32 la 2019, hata kama limepakwa rangi nyeusi likang'aa kama kiatu cha gwaride. Mara nyingi CLK huwa na matairi ya nyuma mapana kuliko ya mbele, hivyo huwezi kuyabadilishana nafasi ili yalike sawasawa. Hiyo ni gharama nyingine ya kudumu.

Ikiwa gari lilitoka Japani, muulize mwenyewe kama bado anayo karatasi ya mnada. Wajapani huandika kila kasoro katika mchoro mdogo wa gari: A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni mahali palipotengenezwa na kupakwa rangi, S ni kutu. Gari lililopata ajali kubwa likatengenezwa hupewa alama ya R mahali pa daraja. Karatasi hiyo ikikosekana si dhambi, miaka mingi imepita. Lakini aliyeitunza kwa miaka yote hiyo yaelekea amelitunza na gari.

Linganisha nambari ya fremu na ile iliyo katika kitabu cha usajili, herufi kwa herufi. Kwa CLK ambazo hazikuundwa kwa ajili ya soko la Marekani, nambari huanza na WDB ikifuatiwa na 209. Kisha nenda katika ofisi ya usajili ukahakikishe kwamba gari halikuwekwa rehani. Wakopeshaji wengi siku hizi hushika kitabu cha gari kama dhamana, na yuko anayeuza gari ambalo nusu yake ni mali ya mkopeshaji. Askari polisi hahitaji kuambiwa hilo mara mbili; amekwisha kuona kituoni machozi ya wanunuzi wa namna hiyo. Hata hivyo tumewahi kusikia askari walionunua kwa kuaminiana, kwa sababu muuzaji naye alikuwa mwenzao wa kambini.

Fedha zilipiwe benki, si mkononi kwenye maegesho. Hati ya mauziano iandikwe, mashahidi watie sahihi, na fomu ya kuhamisha umiliki ijazwe siku hiyo hiyo, muuzaji akiwepo na kitambulisho chake. Kuliendesha kwa miaka miwili gari lenye jina la mtu aliyekwisha kuhamia Juba ni kujitafutia safari ya Juba.

UPANDE WA NYUMBANI

Sasa tugeukie mama wa nyumba, ambaye mara nyingi hulijua gari hili siku linapoingia uani likipiga honi. Gazeti hili lina maoni kwamba alipaswa kulijua wiki mbili kabla.

CLK ina viti vinne, wala si vitano. Katikati ya viti vya nyuma hapana mkanda wala nafasi ya mtu. Baba, mama na watoto wawili wameenea. Mtoto wa tatu hana mahali, na shangazi akitembelea hana mahali kabisa. Kila aketiye nyuma ni sharti kiti cha mbele kikunjwe, ajipenyeze akiwa ameinama. Mtoto wa miaka minane hulipenda zoezi hilo. Mama mwenye mimba ya miezi saba, au bibi mwenye maumivu ya goti, halipendi. Kumfunga mtoto mchanga katika kiti chake huko nyuma, ukiwa umeinama mvuani na mlango mrefu umeziba nusu ya njia, ni kazi inayohitaji kujaribiwa kabla ya kulipa, si baada yake. Mpeleke mtoto na kiti chake pale kiwanjani. Muuzaji mwungwana hatakasirika.

Buti lake ni kubwa kuliko linavyoonekana, na gunia la mchele huingia. Mkungu wa matoke pia huingia, kwa kukunja viti vya nyuma kama gari limeundwa na viti vya kukunja. Shida ni tumbo la gari, ambalo liko karibu na ardhi. Barabara ya kwenda kwa wakwe iwe kipimo. Ikiwa ina mtaro katikati msimu wa mvua, bampa la mbele utaliacha huko, na bampa la CLK halipatikani Kisekka kila siku kama la Toyota. Huenda likabidi kuagizwa kupitia Nairobi, kwenye maduka ya Kirinyaga Road, au kutoka ng'ambo, na gari lingoje.

Mezani, kabla ya safari ya kiwanjani, mume na mke waandike hesabu moja. Tuseme wana shilingi milioni 30. Wasinunue gari la milioni 30. Wanunue la milioni 20, na hizo 10 ziwekwe benki kwa jina la gari, zisiguswe kwa sherehe wala kwa saruji. Asiyeweza kuzitenga hizo 10 hana uwezo wa CLK ya 20 wala ya 15, na hiyo ya 15 ndiyo itakayomla zaidi. Ikiwa fedha ni za mkopo unaokatwa mshaharani, hesabu iwe kali mara mbili, kwa sababu mkopo hukatwa mwezi gari linapotembea na mwezi gari linapolala gereji, vilevile.

Kuna wanaouliza kuhusu magari mapya zaidi ya aina hiyo, kama vile Mercedes C-Class ya milango miwili iliyotolewa kuanzia 2011, au E-Class ya milango miwili iliyoishika nafasi ya CLK 2009. Ni magari mazuri, lakini injini ya lita 1.8 iliendelea kutumika katika baadhi yake, safari hii ikiwa na tabo badala ya pampu ile, na mnyororo wake ni ndugu wa ule ule. Alfajiri ile na kiganja kile juu ya boneti vinahitajika huko pia.

Aliyekwisha kuyapima hayo yote na bado moyo wake uko kwenye milango miwili, basi na anunue, wala asicheke na majirani wanaomwita Mbenzi. Katika juma la kwanza abadilishe oili ya injini na mafuta ya giaboksi, hata kama ameambiwa yamebadilishwa. Kama gari ni la 2002 au 2003 na lina rejeta ya awali, aitoe aweke nyingine. Asafishe mifereji ya maji na atafute kivuli kisicho cha mwembe. Na ahakikishe amepewa funguo mbili. Ufunguo wa CLK haukatwi mtaani. Huagizwa kwa nambari ya gari na kuoanishwa na kompyuta yake, na aliyepoteza wa pekee aliokuwa nao hulikokota gari. Mmoja atembee nao dereva, wa pili ukae kabatini kwa mama wa nyumba.